Sura ya Sita: Kazi Nyepesi kwa Wageni

Inspekta Nubia Arroyave aligonga mlango wa nyumba ya kijani saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, mwavuli mkono mmoja na bahasha ya vielelezo mkono wa pili. Alikuwa na saa tano tu. Saa nane mchana jaji angeamua kama Eliécer Patiño, fundi wa maji wa kijiji cha La Cristalina, angesubiri kesi yake nyumbani kwa mkewe aliyepooza upande mmoja, au angeisubiri gerezani, ambako kesi kama yake hukaa hata miaka miwili kabla ya kuitwa. Mzee alikuwa na miaka sitini na mmoja na hakuwahi kushtakiwa hata kwa wizi wa kuku.

Shtaka lilikuwa kuua bila kukusudia. Tarehe tisa Oktoba, baada ya mvua ya siku tatu kuyageuza maji ya chanzo kuwa tope, Patiño alipanda kwenye tangi kuongeza klorini. Rekodi ya pampu ilionyesha aliingiza kipimo kipya mara nne ndani ya saa moja, na pampu ikavijumlisha vyote vinne. Watu tisa waliungua koo. Doña Otilia Marulanda, bibi ambaye mapafu yake yalikuwa yamekwisha kwa moshi wa kuni, alifariki siku ya tatu.

Kwenye mahojiano yote matatu mzee alirudia mambo mawili yale yale. Kwanza, alifuata kijitabu cha maelekezo ya pampu alichopewa na halmashauri. Pili, aliwahi kuandika barua ya kuuliza na hakujibiwa. Halmashauri ilipekua makabati yake siku mbili, ikasema hakuna barua, kisha mkuu wake akaenda redioni kuutangazia mkoa mzima kwamba fundi ni mwongo. Jana jioni Nubia alifika ukurasa wa mwisho wa kijitabu, ule ambao hakuna anayeusoma, akakuta mstari mdogo: maswali yapelekwe kwa watunzaji wa programu, Manizales, kwenye tovuti yao. Ndiyo maana leo alikuwa mbele ya mlango huu, maji yakimtiririka viatuni.

Aliyefungua alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, ndevu, soksi za sufu, blanketi la ruana mabegani. Rolando Zuluaga, mtunza mradi wa Aljibe, programu huria inayoendesha pampu za klorini katika vijiji mia mbili na kitu. Programu ya bure, iliyoandikwa na watu wa kujitolea, na yeyote duniani anaruhusiwa kuifungua na kuirekebisha. Alimweleza Nubia hayo yote kabla hata ya kumkaribisha kiti.

"Kahawa, inspekta?"

"Nyeusi. Na ukurasa wa kumi na mbili wa maelekezo yenu."

Rolando aliufungua kwenye kompyuta. Nubia akakiweka kijitabu kando ya skrini na kupitisha kalamu mstari kwa mstari. Alikuwa na shaka na halmashauri, kwamba huenda katika kuchapa waliruka sentensi. Alimaliza ukurasa, akarudia kutoka chini kwenda juu. Hakuna kilichorukwa.

"Walinakili vizuri," Rolando alisema. "Watu wa serikali wakiamua, wanaweza."

Nubia akasoma kwa sauti: "'Ingiza kipimo kipya. Subiri mfumo ukubali. Endelea na kazi.' Asubiri muda gani?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Kama pampu imezimwa, sekunde kumi. Kama inatembea, skrini haitasema kitu mpaka uizime."

"Na kipimo je?"

"Kinaingia."

"Na mtu akiona kimya akaingiza tena?"

"Kinaingia tena. Vinapandana." Rolando akapuliza kahawa yake. "Lakini hakuna mtu anayebadilisha kipimo pampu ikitembea."

"Imeandikwa wapi?"

"Haijaandikwa. Inajulikana."

"Inajulikana na nani?"

"Na sisi."

Nubia aliandika jibu hilo kama lilivyotoka, akalipigia mstari. Katika miaka kumi na saba ya kazi alikwishawasikia madaktari, makanika na maofisa wa benki wakisema hivyo hivyo, na mara zote kulikuwa na maiti au muflisi upande wa pili wa meza.

"Watu wakiwa na swali wanaandika wapi?"

"Kwenye daftari la mradi. Liko wazi kwa kila mtu. Hatufichi kitu hapa." Ilikuwa wazi kwamba anajivunia jambo hilo, na pengine alikuwa na haki. "Kila neno lina jina na tarehe. Hata ukifuta, alama inabaki."

"Nitafutie La Cristalina."

Rolando aliandika jina hilo. Ikatoka barua moja. Nubia akaona mkono wake ukisita juu ya kitufe, akajua kwamba huyu bwana ameshakumbuka.

"Fungua," alisema.

Barua ilikuwa ya tarehe kumi na nne Machi. Ilianza kama barua za watu waliofundishwa na watawa: *Waheshimiwa wahandisi, nawasalimu kwa heshima.* Kisha: *Mimi ni fundi wa maji wa La Cristalina. Leo nimeingiza kipimo kama kijitabu kinavyosema na skrini haikusema kitu. Nisubiri kiasi gani? Na wakati wa kusubiri pampu izimwe au iachwe? Kijitabu hakisemi. Naogopa kuharibu. Nasubiri jibu lenu, Mungu awabariki. Eliécer Patiño.*

Kwa hiyo mzee hakudanganya. Nubia alihisi joto likimpanda shingoni, furaha ya mpelelezi aliyeambiwa hakuna kitu akakiona. Aliinama karibu na skrini. Chini ya barua hapakuwa na jibu. Palikuwa na dole gumba sita, zile picha ndogo ambazo watu hubonyeza kuonyesha wamesoma na wamekubali. Na pembeni palikuwa na lebo ya kijani yenye maneno manne: *kazi nyepesi kwa wageni.*

"Hizi dole gumba za nani?"

"Za wazee wa mradi. Watu wanaoijua programu vizuri."

"Wewe umo?"

"Nimo."

"Basi watu sita walisoma swali hili, na wote sita walijua jibu."

"Walijua, ndiyo. Ni swali rahisi."

"Na hii lebo?"

Rolando alijiweka sawa kitini. Alieleza kwa subira, kwa sauti ya mtu anayesimulia mila za ukoo wake. Mradi kama huu unaishi kwa watu wapya. Mtu mpya huwezi kumpa msimbo wa programu siku ya kwanza, atakimbia. Unampa kitu chepesi, sentensi isiyoeleweka, maelezo yaliyopinda, arekebishe, apate moyo. Kwa hiyo kazi za namna hiyo hutengwa, zikapewa lebo ya kijani, na wenyeji hawazigusi.

"Hawazigusi hata kama wanajua jibu?"

"Hasa kama wanajua jibu. Mwenyeji akimaliza kazi nyepesi, wenzake wanamwona mroho."

Nubia akaliandika na hilo. Alikuwa amewahi kukamata watu walioacha jambo baya litokee kwa uvivu, kwa woga, kwa hongo. Walioliacha kwa adabu hakuwahi kukutana nao.

"Na mgeni alipatikana?"

"Alipatikana." Rolando alishuka chini kwenye ukurasa, na sauti yake ikapata nguvu kidogo. "Huyu hapa, Deyanira Ospina. Tarehe ishirini Machi aliomba, tukampa. Kazi ikishachukuliwa hakuna mwingine anayeingia. Huyu ndiye wa kumtafuta, inspekta. Alichukua kazi akalala nayo."

Namba ya simu ilikuwepo kwenye ukurasa wa huyo mwanamke. Nubia alipiga pale pale, akaweka simu mezani ili wote wasikie. Deyanira alipokea kwenye duka la vitambaa mjini Pereira, mtu akisikika nyuma akiuliza bei ya kitani. Nubia alijitambulisha, akaeleza anachotaka.

"Mimi nimelala nayo?" Deyanira alisema. "Nani kasema? Huyo Rolando? Yuko hapo?"

"Yuko hapa, anakusikia."

"Basi asikie vizuri. Niliituma siku ya nne. Mwambie akufungulie zile kazi zilizofungwa, asikuonyeshe sebule tu."

Nubia alimtazama Rolando. Rolando alifungua zilizofungwa.

Ilikuwepo. Tarehe ishirini na nne Machi, sentensi tatu: *Zima pampu kwanza. Ingiza kipimo kipya mara moja tu, kisha uiwashe. Usiingize tena hata kama skrini haionyeshi kitu, kwa sababu vipimo hujumlishwa.* Nubia alizisoma mara mbili. Dada wa duka la vitambaa ambaye hajawahi kuiona pampu ya klorini maishani mwake alikuwa ameandika kile ambacho kingemwacha doña Otilia hai.

Chini yake palikuwa na maoni kumi na tisa, yote ya Rolando. Mstari umezidi urefu. Kichwa cha pendekezo hakifuati mtindo. Tafadhali gawanya sentensi ya tatu. Fomu ya ridhaa haijajazwa. Tafadhali tumia kiolezo kipya. Deyanira alirekebisha kumi na moja. Yakaja mengine sita. Mwezi Mei akaacha kujibu, na Juni pendekezo likafungwa kwa neno la shukrani.

"Kwa nini uliacha, dada?" Nubia aliuliza kwenye simu.

"Nilikuwa na miaka arobaini na tatu, benki imenipunguza, natafuta pa kuanzia upya. Kila jioni namkuta huyu kanirudishia daftari kama mwalimu wa darasa la pili. Mara koma, mara herufi kubwa. Hakuna siku aliyosema kama nilichoandika ni kweli au si kweli. Nikasema ya nini, bora niuze vitambaa." Akamwambia mnunuzi asubiri. "Kwani kimetokea nini?"

Nubia alimwambia. Mkasi ulisikika ukiwekwa mezani, kisha simu ikakatwa.

"Sentensi zake zilikuwa sahihi?" Nubia alimuuliza Rolando.

"Zilikuwa sahihi."

"Ungeweza kuziweka wewe mwenyewe?"

"Ningeweza."

"Zingekuchukua muda gani?"

"Inspekta, lazima uelewe tunavyofanya kazi."

"Muda gani?"

"Dakika mbili."

"Miezi saba, Zuluaga."

"Tukiwafanyia, watajifunzia wapi?" Alisema kwa sauti ya kujitetea, na uso wake ulikuwa umeanza kupoteza rangi. "Halafu leseni inasema wazi. Programu inatolewa ilivyo, bila dhamana yoyote."

"Nimeisoma leseni. Ndiyo sentensi pekee humu ndani iliyoandikwa ikaeleweka."

Alimwamuru achapishe kila kitu: barua, dole gumba na majina yao, lebo, pendekezo, maoni yote. Kurasa ishirini na tisa. Nubia alisaini kila ukurasa, akaandika saa, akamsainisha na Rolando, akafunga bahasha kwa utepe. Ni kazi ya kuchosha na wenzake wengi husaini ukurasa wa kwanza na wa mwisho tu. Yeye hakuwahi kukubali njia hiyo ya mkato.

Alipogeuka kuaga, alimkuta Rolando anachapa haraka haraka.

"Unafanya nini?"

"Naziweka zile sentensi." Aliacha kuchapa. "Au nisiziguse? Kwa ajili ya ushahidi?"

"Umesema alama inabaki. Ziweke. Kuna vijiji mia mbili vinausoma ukurasa huo asubuhi hii."

Aliziweka. Nubia aliangalia saa yake. Haikufika hata dakika mbili. Kwenye nafasi ya kueleza mabadiliko, Rolando aliandika: *ufafanuzi mdogo.*

Saa sita na nusu Nubia alikuwa ofisini kwa mwendesha mashtaka, Hernán Buriticá, ambaye alikuwa anakula arepa, mkate wa mahindi wenye jibini, juu ya faili la mtu mwingine. Aliipokea bahasha, akafuta vidole, akasoma. Alisoma taratibu na bila kuruka, na kwa hilo Nubia alimheshimu siku zote. Alipomaliza, alirudi ukurasa wa kwanza na kuzungushia kitu kwa kalamu nyekundu.

"Kazi nzuri, Arroyave."

"Asante, dokta," Nubia alisema, kwa jina wanaloitwa wanasheria huko. "Kwa hiyo shtaka linaondoka?"

"Kwa nini liondoke?"

"Kwa sababu aliuliza. Aliuliza kwa adabu, kwa maandishi, mahali alipoelekezwa kuuliza. Watu sita wenye jibu wakalikalia. Kuuliza si ujinga, tunafundishwa tangu utotoni."

"Si ujinga. Ni ushahidi." Aligeuza karatasi ili aione. Alikuwa amezungushia tarehe. "Machi. Maafa yalitokea Oktoba. Mpaka leo asubuhi mikononi mwangu nilikuwa na mzee asiyejua. Fundi wa kijiji, darasa la tano, kapewa kijitabu kibovu. Jaji angemrudisha nyumbani kwa mkewe na mimi nisingebisha sana. Sasa umeniletea mtu aliyejua miezi saba kwamba maelekezo hayaeleweki, ameandika kwa mkono wake kwamba anaogopa kuharibu, na bado siku ya siku akaingiza kipimo mara nne na pampu inatembea."

"Kwa alivyojua yeye, angeizima kijiji kingekunywa tope. Kuna watoto wadogo kule. Na hakuna aliyemjibu afanye nini."

"Wakili wake atasema hivyo. Pengine atasema vizuri."

"Na hawa sita?"

"Wako nchi tatu, hawalipwi, hawakuahidi kitu, na leseni yao imeandikwa na wanasheria wazuri kuliko mimi. Nitamshtaki nani, Arroyave? Dole gumba? Mkono uliokuwa kwenye pampu ni mmoja."

Nubia aliweka kiganja juu ya bahasha. "Basi acha niirudishe. Niseme sikupata kitu."

Buriticá hakukasirika. Alizigeuza kurasa moja moja, saini, saa, saini, saa, mpaka wa ishirini na tisa.

"Umesaini zote," alisema.

Saa nane kasoro robo walimruhusu azungumze na mshtakiwa kwenye korido ya mahakama, askari akiwa hatua mbili nyuma. Patiño alikuwa amevaa koti la harusi ya mtu mwingine, mikono mifupi. Kando yake alikuwa wakili wake wa msaada, mwanamke aliyekuwa amekabidhiwa nakala ya zile kurasa dakika ishirini zilizopita na ambaye uso wake ulionyesha ameshazielewa.

"Umeipata?" mzee aliuliza.

"Nimeipata, don Eliécer."

Alimgeukia wakili wake. "Nilikwambia ipo. Mimi siyo mwongo."

"Msikilize inspekta kwanza," wakili alisema.

Nubia alimweleza. Alieleza polepole, kwa maneno mafupi, kama vile kijitabu kilivyotakiwa kumweleza. Kwamba barua inaonyesha aliuliza. Kwamba inaonyesha pia alijua kuna jambo halijakaa sawa. Kwamba mwendesha mashtaka ataisoma kwa upande wa pili. Kwamba jaji akimuuliza kama ni yeye aliyeiandika, ana haki ya kutosema lolote, na afadhali asiseme.

Patiño alifikiri, akivuta mikono ya koti.

"Ninyamaze," alisema.

"Kwa leo tu," wakili alisema. "Ili ulale kwako."

"Binti wa doña Otilia yumo ndani?"

"Yumo."

"Wiki mbili anasikia redioni kwamba niliweka sumu kwa kutojali na nikatunga barua. Leo barua imepatikana, halafu niseme siijui." Alitikisa kichwa. "Hapana, mama. Hata mke wangu Rosalba hatonifungulia mlango."

Ndani, jaji aliisoma barua kwa sauti. Alipofika mahali pa *Mungu awabariki*, mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akajuta. Jaji akauliza ni nani aliyeiandika. Wakili alisimama kusema mteja wake hatajibu, lakini mteja wake alikuwa amesimama kabla yake.

"Ni mimi, mheshimiwa."

Buriticá aliomba swali moja. "Ulipoingiza kipimo tarehe tisa Oktoba, ulijua kwamba maelekezo yale huyaelewi?"

"Nilijua siyaelewi. Ndiyo maana niliuliza."

"Jibu ndiyo au hapana."

Mzee aliangalia safu ya mbele, alikokaa mwanamke aliyevaa nyeusi, akamjibu yeye badala ya Buriticá. "Ndiyo."

Jaji hakuhitaji hata nusu saa. Alisema mahakama inamsikitikia mshtakiwa kwa umri wake na hali ya mkewe, lakini mtu aliyeitambua hatari miezi saba kabla na akaendelea si mtu wa kuachiwa karibu na tangi la maji la umma. Mahabusu, mpaka tarehe itakayopangwa. Karani akaandika kielelezo namba nne, kurasa ishirini na tisa, kimewasilishwa na Inspekta N. Arroyave, akamletea Nubia asaini mara ya thelathini.

Walimpitisha Patiño karibu na meza hiyo, pingu zikionekana chini ya ile mikono mifupi ya koti isiyofunika kitu. Alisimama. Askari akamwachia kidogo.

"Asante kwa kuitafuta, inspekta," alisema. "Sasa niambie wewe, maana hakuna aliyeniambia bado. Ningefanyaje? Ningeizima watoto wanywe tope, au ningeiacha?"

Nubia alikuwa na kalamu mkononi na karani anamsubiri. Jibu lilikuwa mbele yake, ndani ya kielelezo: izime, ingiza mara moja, iwashe, sekunde kumi tu. Mzee alingoja kwa adabu, kama alivyongoja tangu Machi, mpaka askari alipomgusa bega wakaondoka.